Kashata Nzima, Tairi Limekufa

Nililala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, kichwa chini ya gari, simu mkononi ikinimulikia, natafuta tarakimu nne. Upande wa nje wa tairi nilishausoma wote, toka jina la kiwanda hadi yale maandishi madogo ambayo hakuna mtu huyajali, na sikuziona. Fundi mzee aliyenituma alikuwa ameshanionya: "Binti yangu, ukizikosa nje usiseme hazipo. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, na aliyefunga tairi huenda aliugeuzia ndani." Nikafuta tope kwa kiganja, nikafuata herufi DOT na msururu wa herufi nyingine baada yake, hadi kwenye kidirisha kidogo cha mviringo mwishoni: 3107.

Tairi lilitengenezwa wiki ya 31, mwaka 2007. Nami nilikuwa nimelala pale mwaka 2019.

Nikahamia tairi la pili, la tatu, la nne. Mawili yalikuwa 3107, mawili 2907. Miaka 12 yote manne. Na siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemwapia kila aliyenisikiliza kwamba tatizo la gari langu linaweza kuwa chochote, lakini si matairi.

Kilichonilaza chini ya gari ni mvua. Nilikuwa natoka kwenye kona, gia ya pili, mwendo ambao hata baiskeli ingeniandama, nikakanyaga mafuta kidogo tu kama ninavyofanya siku zote. Mkia ukaondoka. Hakukuwa na mlio wa tairi wala mshtuko wowote. Nilihisi tu makalio yananiambia jambo ambalo mikono ilikuwa bado haijalijua, kisha usukani ukawa mwepesi kama wa mchezo wa watoto. Sikugonga mtu wala ukingo. Gari lilisimama likitazama nilikotoka, wipa zikiendelea kupangusa kioo kana kwamba hakuna lililotokea.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Magari ya kusukuma kwa nyuma ndivyo yalivyo. Magari mepesi ndivyo yalivyo. Wewe ndivyo ulivyo. Kijana wa pale ninapojaza upepo aliinama, akapitisha kidole kwenye mifereji ya tairi, akacheka: "Dada, kashata zimejaa hizi. Tairi kama jipya." Na hakudanganya. Kashata ni vile vipande vya mpira vilivyoinuka kati ya mifereji; nilikuja kuzipima kina baadaye, zikawa milimita 6. Tairi jipya huanza na 7 au 8 hivi, na nchi nyingi humtaka dereva alitoe tairi kashata zikifika milimita 1.6, pale zinapolingana na vile vituta vidogo vilivyojificha ndani ya mifereji. Kwa hesabu hiyo nilikuwa na miaka ya kutamba mbele yangu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Fundi mzee hakupima kashata. Alibonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye mpira, akautoa, akanionyesha: hakuna alama. Akanipeleka kwenye gari jingine lililokuwa pale lenye matairi ya mwaka 2019, akabonyeza vilevile, ukucha ukaacha mstari ambao ulififia polepole. Halafu akarudi kwenye langu na kuikunja kidogo kashata moja kwa kidole. Chini yake, mahali kashata inapoungana na mwili wa tairi, palikuwa na nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Mpira wa tairi una mafuta na kemikali za kuulainisha na kuukinga na hewa ya ozoni. Jua, joto na miaka huvimaliza hivyo, na mpira unabaki mgumu hata kama haujatembea kilomita moja. Kwenye lami kavu hutagundua mapema. Kwenye lami yenye maji, mpira mgumu haushiki vile vichembe vidogo vya barabara. Unavipita juu kama kiatu cha soli ya plastiki kwenye vigae.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nikijisifia nacho. Gari ni Mazda MX-5, kizazi cha pili, la mwaka 2001, viti viwili, paa la turubai. Nilipolinunua, mwenyewe aliniambia lilikuwa likitoka siku za mapumziko tu, likirudi linafunikwa. Kilomita chache, kwa hiyo nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Gari la kwenda kazini hula matairi yake kwa mwendo: kashata zinaisha kabla mpira haujazeeka, na macho yanakuonyesha. Gari la spoti linalokaa ndani linafanya kinyume. Kashata zinabaki, umri unakwenda, na ukilitazama kwa mazoea ya gari la kazini unaona matairi mazuri. Watengenezaji kadhaa wa matairi hushauri yakaguliwe na fundi kila mwaka yakishafikisha miaka 5 ya matumizi, na yatolewe yakifika miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kashata zimejaa. Kuna kampuni za magari zinazosema miaka 6. Mimi nimejiwekea 6 kwa gari hili, kwa kuwa ndilo ninaloliendesha kwa furaha kuliko busara.

Basi nikatoka kununua matairi, nikidhani kazi ni kutaja saizi. Saizi yangu ni 195/50R15 82V, na hadi siku hiyo nilikuwa naisoma kama namba ya simu. 195 ni upana kwa milimita. 50 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, kwa hiyo ubavu wangu ni karibu milimita 98. R ni radiali, yaani namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni rimu kwa inchi. 82 ni mzigo: tairi moja linabeba hadi kilo 475. V ni mwendo: hadi kilomita 240 kwa saa. Muuzaji wa kwanza alitaka kunipa yenye herufi T, ambayo mwisho wake ni 190. "Kwani dada utafika huko?" Sitafika. Lakini herufi ile haipimi ujasiri wangu, inapima joto ambalo tairi linavumilia bila kuachana tabaka, na tairi la herufi ya juu kwa kawaida huwa na ubavu uliokazwa zaidi, jambo ambalo kwenye gari la namna hii unalihisi hadi kwenye vidole.

Kuna namba nyingine ubavuni, ya kukadiria uchakavu, ambayo watu wa magari ya spoti huizungumza kama watu wa mpira wanavyozungumza magoli. Ikiwa 200, mpira ni laini, unashika sana na unaisha upesi. Ikiwa 500, utazeeka nao. Nilikwenda nikitaka 200 kwa sababu nilisikia ndiyo ya wanaojua. Fundi mzee aliniuliza swali moja: "Unashindana na nani?" Nikachukua 300. Kila kampuni hujipimia yenyewe namba hizo, kwa hiyo 300 ya huyu si lazima iwe 300 ya yule, ila kwa kuchagua ndani ya kampuni moja inasaidia. Naomba kuungama kwamba bado nazitamani zile za 200.

Matairi yale yalikuwa na mchoro usiofanana pande mbili, upande mmoja mifereji mipana ya kutoa maji, upande wa pili vipande vikubwa vya kushika kona. Ubavuni pameandikwa kwa Kiingereza upande upi ukae nje. Sehemu niliyofungisha, walifunga matatu sawa na moja kinyume. Niliondoka pale nikiwa nimeridhika, nikaendesha siku nne. Fundi mzee aliliona kabla sijazima injini. Hakusema neno, aliligonga kwa ncha ya kiatu, akanisubiri. Tangu siku ile, kabla sijalipa, nazunguka gari na kusoma neno lile mara nne kama mtu anayehesabu watoto baada ya safari.

Na matairi mapya yasikudanganye siku ya kwanza. Yanatoka kiwandani yakiwa na mabaki ya kilainishi cha kuyatoa kwenye kalibu, yanateleza. Kilomita 200 hivi za mwanzo niliendesha kama nimebeba mayai kwenye kiti cha abiria.

Upepo sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokosea mara nyingi kuliko pote, na kila mara nikiwa na uhakika.

Kibandiko cha kwenye mlango wa dereva kinasema psi 26, yaani pauni 26 kwa kila inchi ya mraba, mbele na nyuma. Nilipoitaja namba hiyo kwa yule kijana wa upepo alinitazama kwa huruma. "Dada, 26 tairi litakaa chini. Weka 35 kama wenzako." Na mimi nikaweka 35, kwa sababu wenzangu wote walikuwa na 35, na kwa sababu ubavuni mwa tairi lenyewe niliona namba kubwa kuliko hiyo, nikadhani ndiyo lengo. Ile ya ubavuni ni kikomo, si lengo. Ni kama alama ya juu kabisa kwenye sufuria. Hujazi hadi pale kwa kuwa tu ipo.

Nilikuja kuipigia hesabu usiku mmoja nyuma ya risiti. Gari na mimi ndani yake ni kilo 1,100 hivi, na limegawanya uzito wake karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, kwa hiyo kila tairi linabeba kama kilo 275. Psi 26 ni takriban kilo 1.83 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya: sentimita za mraba 150. Nikaweka mkono wangu kwenye karatasi, nikauchora, nikaona ndio huo, kiganja na vidole vyake. Hicho ndicho kipande cha gari kinachogusa dunia, mara nne. Breki, injini na usukani vyote hupitia hapo. Kwa psi 35 kipande kinabaki 112. Nilikuwa nimekata robo ya mkono wa gari kwa kufuata wenzangu. Ni hesabu ya juu juu, najua, kwa kuwa ubavu wa tairi nao unabeba sehemu yake, lakini mwelekeo ni huo, na makalio yalishautambua kabla ya kalamu: gari lilikuwa likirukaruka kwenye vibonde vidogo kama mpira wa tenisi, na kashata za katikati zilianza kuisha kuliko za pembeni.

Wenzangu walikuwa na magari ya kilo 1,600 na familia ndani. 35 yao ilikuwa sahihi kwao.

Nikanunua geji yangu. Halafu nikakosea kwa upande wa pili. Niliendesha kama nusu saa, nikasimama kituo cha mafuta, nikapima: 30. Nikasema ala, nikatoa hadi 26, nikajiona mtaalamu. Kesho yake asubuhi nilipima kwa kujifurahisha tu, nikakuta 22. Upepo hupanda tairi likipata joto. Kwa kila nyuzi 6 hivi za Selsiasi unaongezeka kama psi 1, na mwendo wa kawaida barabarani unatosha kukupa 3 au 4 za bure. Namba ya mlangoni ni ya tairi lililopoa: gari limelala usiku kucha, au limesimama kwa muda wa saa tatu bila kuguswa. Kutoa upepo wa tairi la moto ni kujiibia. Tairi lenye upepo mdogo nalo linakunjwakunjwa ubavu kila mzunguko, linajipasha joto lenyewe, na kashata za mabega ndizo zinazoliwa.

Watu huniuliza kuhusu naitrojeni. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78 tayari. Sina ugomvi na anayeitaka, ila geji ya asubuhi imenifaa zaidi.

Sasa, ukiwa umeweka upepo sahihi na matairi mapya, unaweza kuamini umemaliza. Niliamini hivyo kwa kilomita 9,000. Kila wiki naosha gari, natazama matairi, mazuri. Siku moja niliangusha nati, ikabingirika chini upande wa nyuma, nikalala kuifuata. Nikanyanyua macho. Tairi la nyuma, bega la ndani, lilikuwa kipara. Upana wa vidole viwili, laini kama goti, huku sehemu nyingine zote zikiwa na kashata za kutosha. Upande wa pili vilevile. Matairi ya mbele unaweza kukata usukani hadi mwisho ukayaona mpaka ndani. Ya nyuma hayakati, na kwenye gari lililo chini hivi hakuna njia ila kulala. Lile boksi sasa lina makazi ya kudumu kwenye buti.

Nikalipeleka kupimwa alaimenti, yaani namna matairi yalivyoelekezwa, na karatasi yake ilieleza. Aliyelimiliki kabla yangu alibadilisha springi akalishusha gari, kwa hiyo matairi yalikuwa yamelalia ndani kwa juu kuliko kipimo. Hilo peke yake lingeyala taratibu. Kilichoyaua ni kwamba matairi ya nyuma yalikuwa yameachana kwa mbele kama miguu ya bata. Kila mita ya barabara yalikuwa yanaburuzwa ubavu kidogo, na mzigo wote uko kwenye bega la ndani. Gari hili lina uzuri wake, kona zote nne zina bolti za kurekebisha, ingawa mbili kati yake zilikuwa zimeshika kutu na fundi alizipigia mafuta siku mbili kabla hazijakubali. Kabla ya alaimenti alitikisa kila tairi kwanza, akakagua bushi, zile mpira za kwenye viungo vya miguu ya gari. "Ukipanga gari lenye bushi zilizokufa," alisema, "umepanga kwa ajili ya karatasi." Bushi mbili zikabadilishwa ndipo tukapanga.

Tulipanga yawe yametazamana kidogo sana kwa mbele, na tofauti haikuwa ya matairi tu. Gari likaacha ile tabia ya kutangatanga kwenye barabara iliyonyooka, tabia ambayo nilikuwa nimeshaizoea nikadhani ni ya kuzaliwa.

Nilihitaji matairi mawili mapya, si manne. Nilitaka yafungwe mbele, kwa kuwa mbele ndiko kwenye usukani na sehemu kubwa ya breki. Fundi mzee akakataa, na alikuwa na sababu nzuri kuliko yangu. Mbele ikiteleza, gari linakwenda moja kwa moja, unaondoa mguu kwenye mafuta na mara nyingi linarudi. Nyuma ikiteleza, unazungushwa. Mapya yanakwenda nyuma, yenye nafuu yanakuja mbele. Mimi ambaye nilishawahi kutazama nilikotoka sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Nati nazo. Hili ni fupi. Nilipata pancha mahali pasipo na mtu, nikatoa jeki na spana, nati zikagoma. Zilikazwa kwa mashine ya upepo na mtu mwenye haraka. Nilisimama juu ya spana kwa miguu yote miwili nikishika paa, nikiruka kama mtoto kitandani, ndipo ya kwanza ikaachia. Kitabu cha gari kinataka zikazwe kwa nguvu ya kati ya nyutonimita 88 na 118. Nina spana ya torki sasa, ile inayopima nguvu hiyo. Nawaambia wakaze kwa mkono, mimi namalizia mwenyewe, na narudia kuzipima baada ya kilomita 100. Pancha ile ilikuwa msumari katikati ya kashata, ikazibika kwa kiraka chenye kizibo kutoka ndani. Ungeingia ubavuni ningenunua tairi, maana ubavu hauzibwi.

Mambo mengine ya gari hili si ya matairi, ila yamenifundisha kwa mtindo uleule wa kunilaza chini. Paa la turubai lina vitundu vya kutolea maji ya mvua, nyuma ya mikanda ya viti. Majani yakiziba, maji yanashuka ndani ya mwili wa gari na kutu inaanza kula vizingiti bila wewe kuona chochote isipokuwa zulia lenye unyevu. Kila baada ya miezi mitatu napitisha waya laini wa plastiki na kumimina kikombe cha maji. Yakitoka chini ya gari upesi, nalala salama. Betri iko ndani ya buti, kwa hiyo ina vibomba vya kutolea gesi nje. Anayebadilisha betri akiacha kuviunga, gesi inabaki buti na tindikali inakula chuma. Filta ya oili imejificha chini ya manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, mkono unaingia hadi kiwiko, na kila nilipoibadilisha nimetoka na mkwaruzo mpya. Oili yenyewe naipima kila nikishajaza tangi mara mbili, kwa sababu injini inayozungushwa kwa kasi inaweza kuinywa taratibu bila kutoa moshi.

Breki ziliniogopesha mara moja tu, kwenye mteremko mrefu, pedali ilipoanza kuzama kama mguu kwenye godoro. Pedi zilikuwa nzima. Mafuta ya breki hayakuwa yamebadilishwa kwa miaka ambayo sikuweza kuihesabu. Mafuta yale hunyonya unyevu wa hewa: ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango chake ni 155 tu, na mteremko wenye kona unafika huko. Yakichemka ni mapovu, na mapovu hayasukumi pedi. Nabadilisha kila miaka miwili. Na ndiyo, DOT hiyo na ile ya ubavuni mwa tairi ni kifupi kilekile, cha Idara ya Usafirishaji ya Marekani. Nilitumia mwezi mzima nikidhani nina matairi yenye mafuta ya breki.

Kuhusu kung'arisha matairi kwa yale mafuta ya kupaka, niliacha. Yalikuwa yakirukia kwenye rangi nikianza kuendesha, na baadhi yana vitu vinavyoharakisha mpira kukauka. Rangi ya kahawia inayotokea ubavuni ni ile kinga ya ozoni ikijitokeza juu kufanya kazi yake. Naiosha kwa sabuni na maji, basi. Gari likikaa wiki mbili bila kutoka, nalisogeza nusu mzunguko wa tairi ili lisilalie mahali pamoja; nikisahau, linatetemeka kwenye usukani mpaka matairi yapate joto, kama mtu aliyelalia mkono.

Ndani ya kisanduku cha mbele kuna daftari. Tarehe, kilomita, namba nne. Kwa miezi mingi ukurasa ulichosha kusoma: 26, 26, 26, 25.5. Nyuma kushoto ndilo la mwisho, na Jumamosi iliyofuata lilikuwa 25, halafu 24. Nikajaza. Baada ya wiki, 24 tena. Nilitafuta msumari kashata kwa kashata nikizungusha tairi kwa mkono, sikupata. Nikapaka maji ya sabuni kote, mabega, ubavu, mdomo wa rimu pande zote mbili, nikangoja, hakuna kilichotikisika. Nilikuwa nakunja boksi niondoke nilipokumbuka sijafungua kofia ya valvu. Nikaifungua, nikadondosha tone moja juu yake. Likakaa tu. Halafu likavimba taratibu, povu moja dogo, jembamba, likaonyesha taswira ya dirisha la jikoni, likapasuka, na jingine likaanza.

Nikachukua kile kifunguo kidogo cha valvu, nikazungusha robo duara. Nikadondosha tone jingine, nikachutama kulitazama kwa dakika kumi nzima. Halikuvimba. Nikajaza, nikapima, nikaandika 26.